Zamu Yangu Nimekuachia

Mdogo wangu Najma,

Asalaam aleikum. Hujambo, na watoto hawajambo? Mama yako goti limepungua au bado analiburuza? Mihogo vipi, wale nguruwe wa msituni wameacha kuifukua? Sie huku wazima, uzima wa kuamka na kukaa, tunamshukuru Mungu. Majirani wote wanakusalimia. Hata Mama Loveness anakusalimia, yule aliyesema siku ya harusi yako kwamba mie nimejinunulia mwenyewe kisu cha kujichinjia. Leo anaulizia, ati yule mdogo wako wa Kisarawe hajambo? Watu bwana.

Basi mume wetu huyo anakuja. Bakari mpwa wake ameshaleta kirikuu, ile gari ndogo ya mizigo, iko hapo nje ya kibaraza, wanapakia godoro, na mzee namsikia anamfokea kwamba kamba haifungwi hivyo. Safari hii usihesabu siku, wala usimwekee kanzu ya kurudia. Harudi. Zamu yangu nimekuachia, ya wiki hii na ya wiki zote. Akifika atakwambia Mwanaheri kanichoka, kanifukuza mbele ya shehe, na atakwambia kwa ile sauti yake ya chini, mpaka na wewe utanichukia. Ndo maana nimemkamata Editha aniandikie. Bakari atakupa mkononi. Usiisome mbele ya mzee. Ngoja aende msikitini, wewe nenda kule nyuma kwenye mikorosho, usome mpaka mwisho.

Utasema si ningepiga simu. Simu yako mdogo wangu ina sauti kama redio ya kinyozi, mtu akikusalimia wewe anaitikia mtaa mzima. Na mzee masikio yake hayajazeeka, yamezeeka magoti tu.

Editha unamkumbuka, mpangaji wangu wa chumba cha uani, yule Mhaya anayefundisha chekechea. Nimemwambia asinitilie Kiswahili chake cha shule, aandike ninavyosema. Hapa anacheka. Cheka, lakini andika. Ati anasema nisikimbie sana, mkono unamuuma. Mie nitakimbia, kwa sababu wale nje wakishamaliza kupakia sina muda tena.

Mengi unayajua, lakini unayajua kwa upande wako, na mie kwa upande wangu. Hatujawahi kukaa wawili tukayaweka pamoja bila kutukanana.

Siku ile ya kwanza alipoanguka pale yadi ya makontena, mie nilikuwa mlangoni napika kashata. Akaja mbio utingo mmoja wa malori yanayokwenda Kongo, anahema, ananiambia bibi, mzee wa kahawa kalala chini. Nikajua kateleza. Nafika, namkuta kajishika kifua, birika limemwagikia miguu ya dereva mmoja, Stephano, jitu la watu, kaungua miguu yote miwili lakini hajaondoka, kamshika mzee kichwa kakiweka mapajani, anampepea na kofia yake. Mzee ananiona, neno lake la kwanza, ati niangalie vikombe visiibiwe. Huyo ndo mume wetu.

Hospitali wakampima, wakasema damu yake ina mafuta mengi, mishipa ya moyo imeanza kuziba. Mie nilicheka mbele ya daktari, Mungu anisamehe. Mafuta? Talha? Mtu ukimvua kanzu unaweza kumhesabu mbavu ukiwa barabarani! Mafuta yamejificha wapi? Sie tulijua mafuta ni ugonjwa wa watu wa Msasani, wanaotoka ndani ya gari kwa kujivuta, wanakula kuku wa kukaanga asubuhi. Mtaani ndo usiseme. Mama Loveness akapiga kigelegele kabisa, ati hongera bwana, mumeo kapata ugonjwa wa mabosi, sie waume zetu wana minyoo tu.

Tukaambiwa tupunguze mafuta, chumvi, nazi, na vidonge anywe kila siku. Najma, wewe mtu wa pwani mwenzangu unajua kupika bila nazi kulivyo. Ile mbuzi yangu ya kukunia nikaigawa, nisije nikashawishika. Nikawa nachemsha. Samaki kachemshwa, mchicha umechemshwa, maharage yamechemshwa, nyumba yote inanuka maji ya moto. Mzee anakula, anamaliza, anasema alhamdulilahi kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi ya shuruba. Nilikuwaga naingia jikoni nalia kwa ajili yake, maana mtu aliyenioa kwa sababu ya pweza wangu wa nazi, leo namlisha chakula cha wodini.

Tukarudi kumpima, mafuta yako palepale. Mara ya pili, yamepanda.

Hapo ndo nikajua ni wewe.

Ningejua nini tena? Huku kwangu anakula maji. Akitoka hapa anakwenda zamu yako, na mapishi yako nayajua, mie ndiye niliyekuja kukuposa, nilikula kwenu siku tatu, mihogo ya nazi nzito mpaka kijiko kinasimama. Nikasema yule mtoto anataka mzee amwone yeye ndo mpishi, mie mnyimaji. Kumbe na wewe huko ulikuwa unamchemshia, na ulikuwa unasema Mwanaheri anamkaangia ili asitamani kuja shamba. Ulimtuma Bakari na maneno, umesahau? Kaniletea vilevile, neno kwa neno, maana Bakari hajui kufunga mdomo. Ati mwambie dada mwanamume hashikwi kwa chapati. Chapati! Kilo yangu ya unga ilikuwa imeingia wadudu kwa kukosa kazi.

Ikaja masika. Barabara ya kwenu ikakatika, mzee akakwama kwako mwezi mzima na zaidi. Ukampeleka kupimwa huko huko, ukanipigia umefurahi, dada mafuta yameshuka! Ulitaka nifurahi. Mie nikakujibu vipimo vya shamba vinapima mihogo. Nikakata simu.

Mvua ilipokatika nikadai zamu zangu. Wewe mke mwenzangu unajua, ni haki yangu. Na Talha unamjua mambo ya uadilifu, yule mtu hata akileta kanga analeta doti mbili za rangi moja, tusije tukasema. Akaja akakaa hapa Kurasini mfululizo, ananilipa usiku mmoja mmoja uliopotea. Akarudi na birika lake yadi. Alikuwa amenenepa kidogo mashavu, kanijia kacheka, nikamnunia, kwa sababu nilijua yale mashavu ni nazi yako. Zamu hazijaisha kulipwa akaanguka mara ya pili. Hapa hapa uani, anatawadha.

Ndo siku ile ya benchi la hospitali.

Editha anasema ya benchi niyafupishe, karatasi inaisha. Nimemwambia kuna nyingine chini ya mto.

Lile benchi Najma sitalisahau, na wewe usilisahau, siku moja wajukuu zako uwahadithie wacheke. Mzee kakaa katikati, wewe kushoto, mie kulia. Ukaanza wewe. Hapana, nilianza mie, niseme kweli. Nikasema kuna watu wanapika kwa kukomoa. Ukasema kuna watu wanataka mzee afie mikononi mwao wapate cha kusimulia. Nikakuita mtoto wa juzi. Ukaniambia wa juzi ndiye aliyemzalia. Lo! Watu wote wa foleni ile wakageuka, hadi mwenye drip akasogeza chuma chake asikie vizuri. Nami nikakujibu, ndiyo, umemzalia, sasa unataka kumzika? Mzee akavua kofia akajifunika nayo uso. Muuguzi akatoka, akatuambia bibi zangu, hapa ni kliniki ya moyo, mnawaua na wagonjwa wengine.

Yule Daktari Clara akatuita ndani. Binti mdogo, mwembamba, kwao juu huko Moshi, mie nikasema moyoni huyu atatuambia nini. Akafanya jambo moja la akili. Akakutoa wewe nje, akaniuliza mie, unampikia nini tangu asubuhi mpaka usiku. Nikamwambia. Akanitoa mie, akakuita wewe. Halafu akatuweka wote wawili mbele yake akatuangalia, akasema mama zangu, mmejibu kitu kimoja. Hata mlenda mmeutaja wote. Nyie mnagombana nini?

Nilikuangalia, ukaniangalia. Sijui wewe ulihisi nini. Mie nilihisi kama nimekula kitu cha mtu kwa makosa.

Ndo akamgeukia mzee. Akamuuliza, babu, mchana unakaa wapi? Na mzee kwa fahari zake akajinyoosha, akamwambia yadi, mlango mkubwa wa malori ya bandarini, tangu alfajiri mpaka magharibi, hakuna dereva wa njia ya Kongo wala Zambia asiyeijua kahawa yake. Akaulizwa anakaa vipi. Akasema anaweka kigoda nyuma ya lori, kwenye kivuli, maana jua la pale kali na malori ndo miti yetu. Daktari akauliza, na hayo malori yanakuwa yamezimwa? Mzee akamcheka. Yazimwe vipi binti yangu, foleni inasogea kidogo kidogo, dereva akizima anapitwa. Yanaunguruma siku nzima.

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema, babu, kumbe unakaa mdomoni mwa bomba la moshi.

Ulikuwepo, lakini ulikuwa unalia, nadhani hukusikia yote, mie niliyashika. Alisema kwenye damu kuna mafuta mabaya, yanaganda kwenye mshipa kama ukoko kwenye sufuria. Na kuna mafuta mazuri, yenyewe kazi yake kupita yakizoa yale mabaya, yanayarudisha kwenye ini yakatupwe. Sasa ule moshi wa dizeli na lile vumbi laini ambalo hata hulioni, ukivuta linashuka chini kabisa ya pafu, linapenya, linaingia kwenye damu. Likiingia linawaharibia kazi wale wazoaji, na yale mabaya linayachachua, yanazidi kunata, na mshipa wenyewe unavimba kwa ndani. Nikawafikiria wale kina mama wanaofagia barabara yetu alfajiri na fulana za njano, halafu mtu anapita anawanyang'anya mafagio. Taka zitakwenda wapi?

Akasema pia kwamba si moshi peke yake, asije akatudanganya. Kuna umri, kuna chumvi, kuna na damu ya ukoo, maana baba yake Talha naye alikufa kajishika kifua akiwa shambani. Akasema hawezi kugawa hiki ni cha moshi na hiki ni cha baba yake. Lakini moshi umekuja umekaa juu ya yote. Akafungua cheti, akakuta kile kipimo chako cha masika, kile nilichokitukana. Akasema huenda ule mwezi wa hewa safi ulimsaidia pamoja na dawa. Akasema huyu mtu akiendelea kukaa pale, na kulala pale nyuma ya ukuta wa yadi, yeye daktari hana dawa ya kushindana na malori.

Nyuma ya ukuta wa yadi ndo kwangu, Najma. Nguo nyeupe mie sijaanika nje miaka. Ukipitisha kidole kwenye dirisha kinatoka cheusi kama umeshika chini ya sufuria. Mie nilijua ni uchafu wa mji tu, unafuta, unaosha, yamekwisha.

Tulipotoka pale ulinishika mkono, sikuutoa. Nakushukuru kwa hilo. Sikukwambia siku ile.

Basi tukadhani yamekwisha, mzee aache kahawa ahamie kwako. Thubutu! Kuacha kahawa alikubali, aliliangalia birika siku mbili kisha akampa Stephano yule dereva amkumbuke nalo. Lakini kuhama alikataa. Akasema yeye ana wake wawili, na mume anayeegemea kwa mmoja atafufuliwa ubavu mmoja umelala, na yeye hataki kwenda mbele ya Mungu anachechemea. Zamu ya Najma atakwenda kwa Najma, zamu ya Mwanaheri atakuja kwa Mwanaheri, afe au apone. Nikamwambia utakufa kweli. Akasema basi nife nimelala kitanda cha haki.

Nikamwendea Shehe Mwinshehe. Nikamuuliza, mke anaweza kusamehe zamu yake? Akasema anaweza, kwa hiari yake mwenyewe, bila kulazimishwa. Nikafurahi, nikamleta nyumbani, na Bakari akakaa awe shahidi. Nikasema mbele yao, mie Mwanaheri binti Salehe namsamehe mume wangu zamu zangu zote, akakae Kisarawe. Unajua mzee alijibu nini? Akamwambia shehe, msamaha huo siupokei. Akanigeukia mie, akaniuliza kwa upole, nimekukosea nini mama, mpaka unisamehe? Nikasema hujanikosea. Akasema kama sijakukosea na wewe hujanichoka, basi mahali pangu ni hapa.

Yaani alinifungia mlango mwenyewe, na ufunguo akanionyesha.

Nikamwambia nimekuchoka.

Shehe akaniangalia. Bakari akaangalia chini. Nikaona nikiacha hapo hataamini, ananijua. Nikaendelea. Nikasema nimechoka kukohoa kwako, nimechoka kitanda kunuka kahawa, nimechoka kuchemsha, nimechoka kusubiri siku zangu kama mtu anayesubiri maji ya bomba, na yanapokuja yenyewe yana tope. Tangu ulipoleta mke wa pili, nikasema, moyo wangu ulishatoka kwako, nilikuwa nakuvumilia. Haya ya mke wa pili Najma yasikuumize, wewe unajua nani alivaa baibui akaja kwenu kubisha hodi, baada ya watoto wangu wote watatu kunifia wachanga. Lakini nilihitaji neno zito, na hilo ndo lilikuwa zito kuliko yote niliyokuwa nayo.

Alivua kofia akaikung'uta, hakukuwa na vumbi, akaivaa tena. Akamwambia shehe, basi andika amesamehe. Akatoka akaenda kukaa kibarazani. Nikamsikia Bakari anamwambia mjomba, wanawake wakizeeka ndivyo walivyo. Mzee akamwambia nyamaza wewe, humjui huyu.

Tangu siku hiyo anakula, anasema ahsante. Ahsante! Kama vile amekula hotelini.

Sasa najua utakalosema, maana ulishalisema. Njoo na wewe dada, kuna nafasi, Bakari atakujengea chumba pembeni. Mungu akulipe kwa neno hilo, nililia nililiposikia. Na usidhani ni maringo ya mke mkubwa kutokwenda kulala kwenye uwanja wa mke mdogo. Zamani ingekuwa hivyo. Leo ningekuja, ningekuja na sufuria yangu kichwani.

Editha, usiniangalie hivyo, andika.

Najma, siku ile daktari alipomaliza na mzee, alinitazama miguu. Mie nilikuwa nimevaa ndala za mzee, zangu zilikuwa hazinitoshi tena. Akaniambia mama, wiki ijayo uje peke yako. Nikaenda na Editha. Wakanipima damu, wakanipaka mafuta ya baridi kifuani, wakaniangalia kwenye ile televisheni yao. Akaniuliza na mie mchana nakaa wapi. Nikamwambia mlangoni, nakaanga karanga, napika kashata za mzee. Jiko la mkaa mbele yangu, na malori mbele ya jiko. Tangu nilipoolewa.

Moyo wangu umeharibika kuliko wake. Mishipa imeziba zaidi, na moyo wenyewe umetanuka, umelegea, hausukumi damu vizuri. Ndo maana ya miguu, ndo maana nalala nimekaa, mie nilisema joto. Anataka kunipeleka hospitali kubwa ya moyo wanifungue mshipa, lakini kanambia wazi kwamba umri huu na moyo ulivyo hawezi kuniahidi. Nipo kwenye foleni ya kuitwa, na kliniki kila wiki. Hiyo milima yenu na barabara ile, amenikataza kabisa, ati nisafiri kwenda wapi wakati ngazi tatu za msikiti zinanishinda.

Mzee hajui. Bakari hajui. Anajua Editha, daktari, na sasa wewe.

Fikiria angejua. Unamjua Talha. Asingepanda hicho kirikuu hata kwa kubebwa. Angekaa hapa pembeni ya kitanda changu, nyuma ya ukuta wa yadi, anavuta ninachovuta, anasema ni haki yangu, mpaka mmoja wetu amzike mwenzake na wa pili afuate. Sasa hasira inamtoa. Mwache aje na hasira yake, usimtulize haraka. Mtu mwenye hasira na mke hamkumbuki sana.

Nisikilize, haya ndo muhimu. Vidonge vyake viko kwenye mfuko wa kitambaa cha kanga ya kijani. Anywe kila usiku hata akijiona mzima, kwa sababu akijiona mzima tu anaviacha, anasema vinamchosha. Jikoni kwako asikae. Najua anapenda kukaa kwenye mafiga kuota moto na kukuchokoza, lakini daktari kasema moshi wa kuni nao ni moshi uleule, mfukuze. Na wewe mwenyewe na watoto jiko mlitoe nje, mpikie upepo unapopita, usije ukajiona kijana. Takataka msichome karibu na nyumba. Kahawa atataka kukaanga, usimruhusu, mnunulie ya unga. Asubuhi tembea naye taratibu mpaka kisimani na kurudi, akiwa hataki mwambie kuna ng'ombe wa mtu ameingia kwenye mihogo. Na akiota usiku anaita mama yake, usimwamshe, mshike bega tu.

Akikuuliza habari zangu sema mzima. Sema Mwanaheri kanenepa, anacheka na wapangaji, amepaka nyumba rangi. Mchoree picha hiyo. Mie nikipigiwa nitaongea kwa ukali kidogo, usishangae.

Na siku Editha akikupigia wewe, siyo Bakari, wewe, ujue ndo hivyo. Hapo umkalishe mzee chini, mpe maji kwanza. Umwambie sikumchoka. Umwambie hata siku moja. Sina la kuongeza hapo, wewe utajua kulisema, una maneno mazuri kuliko mie.

Eda utakuja kukaa peke yako mwenzangu, tulikuwa tunagombania nani atamzika, kumbe mie natangulia nafasi yote nakuachia. Ninatania. Cheka. Editha hacheki, analia kwenye karatasi, mwambie ukimwona kwamba wino unatapakaa.

Nisalimie watoto, waambie mama yao mkubwa anawabusu mmoja mmoja, na yule mdogo mwenye meno ya mbele yaliyotoka mwambie yataota. Nisalimie mama yako, na dada yako wa Maneromango, na wote wanaoniulizia. Nisamehe ya benchi, nami nimekusamehe, tena kitambo...

Nani? Naam!

Bakari anapiga honi. Mzee anaita. Anasema hapandi mpaka nitoke. Anasema kwa nguvu, majirani wote wanasikia, Mwanaheri, njoo uniage kama mke, hata kama umenichoka.

Subirini, nakuja. Editha, andika dada yako Mwanaheri binti Salehe, Kurasini, ikunje umpe Bakari. Halafu nishike hapa chini ya kwapa niinuke. Ile kanga ndefu nipe, ifunike miguu. Nafuta uso hapa, nimefuta? Haya.

Nakuja, we mzee, usipige kelele, nakuja.